Kuku wa Kompyuta wa Peniel

Peniel wa Damari ni kijana mpole na mimi jirani yake nampenda, ndiyo maana nitamsema. Kwa miaka sita alikaa Dar es Salaam akitengeneza kuku, na siku aliporudi kijijini kwetu Sepuka hakujua kuku anasimamaje.

Nieleze vizuri. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya wakala inayopokea kazi za michezo ya kompyuta kutoka nje na kuzigawa vipande vipande. Huyu anapewa miguu, yule midomo, mwingine vumbi linalotimka. Peniel alipewa manyoya. Anaiandikia kompyuta maelekezo, na manyoya yanapepea upepo ukivuma, yanalowa mvua ikinyesha. Fundi kweli. Lakini kuku mzima hakuwahi kumtengeneza. Alimtumia manyoya bosi wake, Fredrick, na huko mbele wengine wakamalizia.

Mwaka jana akachoka. Akaaga, akarudi kwa mama yake, Damari, na kompyuta mbili na paneli ya sola, akatangaza kwamba sasa anajitegemea. Tulimwelewa kwa shida. Kwetu mtu anayejitegemea huonekana na jembe au na ng'ombe. Peniel alionekana na kikombe cha chai, saa nne asubuhi, mbele ya kioo cha kompyuta. Fredrick naye hakuamini. Alimwambia kiti chake hakitakaliwa na mtu mpaka Agosti iishe.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa shirika moja la Dodoma. Walitaka programu ya simu ya kufundisha wafugaji, na ndani yake awemo kuku wa kienyeji mwenye afya njema. Dada wa shirika, Magreth, aliweka sharti: kuku akaguliwe kwanza na kikundi chetu cha kina mama wafugaji. Tukimkubali, Peniel anapata kazi ya mwaka mzima. Tukimkataa, kazi inakwenda kwingine, na Peniel anarudi Dar es Salaam, kwenye kile kiti kwa Fredrick. Damari, ambaye mume alishamzika na mtoto ana huyo mmoja tu, alilielewa sharti hilo kuliko sisi sote.

"Mama Hana," aliniambia tukipepeta alizeti, "nikimwambia abaki, atabaki kwa kunihurumia. Sitaki. Abaki kwa kazi yake."

Ukaguzi ulifanyika ofisi ya kijiji. Peniel alivaa shati jeupe, akatuamkia mmoja mmoja, akafungua kompyuta. Manyoya, jamani! Mekundu, meusi mwishoni, yanang'aa mpaka unatamani kuyashika. Tukapiga makofi. Mimi katibu nilishaandika "amekubalika" kwenye daftari.

Mama Asnath, mwenyekiti wetu, hakupiga makofi. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu umemtenga na wenzake?" akauliza.

"Yuko peke yake, mama."

"Afadhali. Ana kideri."

Tukatazama upya. Kijana alikuwa ameyapenda manyoya yake hata akayapa uzito, mbawa zikaning'inia. Shingo ameipinda kidogo ili kuku apendeze. Macho kuku anayafumba polepole, kwa madaha. Mbawa chini, shingo upande, usingizi mchana kweupe: hakuna mwanamke Sepuka asiyejua dalili hizo, maana ugonjwa huo umeshatumalizia mabanda ndani ya wiki moja. Wawili waliokaa mbele walivuta viti nyuma, na wala hawakuwa wanatania. Nikafuta neno langu daftarini.

Magreth aliuma midomo asicheke. Akampa Peniel siku kumi, na akasema hakutakuwa na mara ya tatu.

Jioni nilimkuta kijana amekaa nje ya nyumba yao, simu mkononi, jina la Fredrick tayari kwenye kioo. Damari alikuwa anaosha sufuria. Hakumtazama.

"Kabla hujapiga," alimwambia, "kesho ukawafungulie kuku. Ushinde nao. Ukishawajua, piga simu unayotaka."

Siku kumi zile Sepuka hatukuhitaji redio. Mhitimu wa chuo kikuu alitambaa uani kwa viwiko akimfuata tetea mmoja mweusi, daftari mfukoni. Tetea akiparua, Peniel anahesabu. Tetea akienda kivulini, Peniel naye kivulini. Wachungaji walipitisha ng'ombe wakasimama kuangalia, na wakarudi kesho yake na wenzao. Jogoo wa Damari alimvumilia siku tatu. Ya nne akampiga teke. Hata mimi nilipita pale mara nyingi kuliko nilivyokuwa na shida ya kupita.

Ukaguzi wa pili ulifika. Hakuvaa shati jeupe. Alifungua kompyuta moja kwa moja.

Kuku alitembea. Kichwa kilitangulia, kikangoja, mwili ukakifuata. Akaparua mara mbili, akarudi nyuma hatua moja, akageuza jicho moja kutazama alichofukua. Akanywa maji, akainua mdomo juu ayameze. Mbawa zimebana mwilini, manyoya yana vumbi kidogo, kama ya kuku yeyote aliyeamka salama. Hakuna aliyepiga makofi. Damari, pembeni yangu, alikuwa amekamata pindo la kanga yake na kulisokota.

Mama Asnath akainama kwa muda mrefu.

"Hajaanza kutaga?"

"Bado, mama."

"Wiki hii anaanza. Kilemba kichwani kimeshaiva, chekundu. Mtafutie pa kutagia."

Magreth akatoa mkataba. Peniel akasaini, akampigia Fredrick pale pale mbele yetu. "Kaka, kile kiti mpe mtu mwingine," alisema.

Jioni nilikwenda kwa Damari, na nakiri nilikwenda na njaa yangu. Miaka yote sita, Peniel akija likizo, Damari alichinja kuku siku ya kwanza na akachinja tena siku ya kumuaga. Kwa furaha ya leo nilitegemea wawili kwa mpigo. Akaandaa ugali wa uwele na mlenda. Peniel akainua mfuniko wa bakuli la pili. Maji ya kunawa.

"Mama, hata leo hakuna kuku?"

"Kuku anachinjiwa mgeni," Damari akasema, akimsogezea ugali. "Wewe unakaa hapa."

Peniel alikula mlenda ule huku machozi yanamtoka, akaomba aongezewe.