Gogo Nililolifunga kwenye Nguzo ya Wageni

Zipo aibu ambazo mtu huweza kuzificha, na zipo ambazo kijiji kizima kilizishuhudia kikiwa kimepiga magoti. Yangu ni ya namna ya pili, kwa hiyo ni afadhali muisikie kwangu kuliko kwa watu wa Puge, ambao huiongezea chumvi (ingawa haihitaji).

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ualimu, suruali moja ya heshima, na imani kwamba Tanganyika ingeamka siku ambayo wazee wetu wangeacha kuketi mchangani mbele ya Bwana Shauri, ofisa kijana wa Kiingereza wa wilaya aliyekuwa akija barazani na kiti chake cha turubai. Basi wanafunzi wangu wakaunda viti vya magogo na matawi ya mninga, magome yakiwa hayajabanduliwa, kimoja kwa kila mzee. Kilibaki cha mwanangwa, mkuu wa kijiji, naye alikuwa amenionya kwamba magogo huvunja watoto miguu. Kama nisingemwonyesha kwa macho yake jinsi gogo linavyokatwa pasipo mtu kuumia, darasa la useremala lingefungwa.

Siku ya baraza nikahutubu (sana, nakiri) kabla ya kushika msumeno: gogo lililo kwenye mteremko lizuiwe lisibingirike, na mkataji asimame upande wa juu. Kulizuia kulihitaji kigingi, lakini ardhi ya kiangazi ilikataa, Bwana Shauri alikuwa akitazama saa yake, na hapo kando palikuwa na nguzo iliyosimama kana kwamba inanisubiri. Ilikuwa nguzo ya banda la wageni, walimoketi wote, iliyochimbiwa jana yake, tena kijuujuu. Nikalifunga gogo hapo kwa kamba.

Mzee Masanja, ambaye ni rika la babu yangu na kwa hiyo hunitania apendavyo, akauliza kutoka kwenye kiti chake kipya, "Mjukuu wangu, hiyo nguzo umeipa habari?"

Nikamjibu kwamba chuoni tulifundishwa kukadiria uzito. (Tulifundishwa kweli. Sikukadiria.)

Msumeno ulipomaliza, kipande kikashuka mteremko bila haraka, kamba ikakaza, nguzo ikakifuata, na banda likainama juu ya wageni polepole kama mtu mzito anayetafuta mahali pa kulala. Wakatoka wote kwa magoti: wazee, mwanangwa, karani, na Bwana Shauri mwenye nyasi masikioni. Kiti cha turubai kikapasuka. Viti vyetu vikalibeba paa lote bila kuvunjika, ndiyo maana hakuna aliyeumia. Nami nilikuwa nimesimama upande wa juu, salama kabisa, kama nilivyofundisha.

Baraza halikuahirishwa, ingawa viti vyote vilibaki chini ya paa. Bwana Shauri alitafuta pa kukaa, akakosa, akaketi mchangani katikati ya wazee. Mzee Masanja akasogea kumpisha, kisha akanitazama.

"Mwalimu, ulituahidi tutakaa sawa na huyu. Haya, tumekaa."

Mwanangwa alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akaamua: darasa liendelee, kwa kuwa viti vimeokoa kichwa chake, ila kamba za shule zitunzwe nyumbani kwake.

Nimeapa sitafunga tena kitu kwenye nguzo ya mtu, lakini kiapo changu hakina soko Puge. Kila nikitaka kukata gogo naenda kwa mwanangwa, nampa shikamoo na kuomba kamba. Naye, kabla ya kunikabidhi, hunisindikiza mpaka nizipite nguzo zote za nyumba yake.