Mkutano wa Berlin Uko Mwandoya

Jirani yangu Nyanjige amefagia zahanati ya kijiji chetu, nje kidogo ya Bariadi, kwa miaka kumi na moja kama kibarua. Ajira ya kudumu inataka cheti cha kidato cha nne, na yeye alikuwa amebakiza historia tu. Aliirudia mara tatu, akafeli mara tatu. Mtihani ni wa Kiingereza, na Kiingereza akikimeza asubuhi, mchana kimeshatoka.

Mara ya nne akaamua kuwagawia ng'ombe mada. Vita vya Maji Maji alikuwa fahali. Biashara ya Utumwa alikuwa mtamba mweusi. Mkutano wa Berlin alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye mabaka sita meupe, kila baka hoja moja. Alimkamua huku akigusa mabaka na kutaja hoja, na haki ya Mungu hakukosea hata moja. Mimi nilimwambia aandike kwenye daftari kama watu wengine. Akanijibu kwamba daftari halimtazami mtu usoni.

Septemba mambo yakaharibika. Mwanawe Shigela alimchumbia Jenifer, binti wa Mzee Luhaga wa Mwandoya, na baba yake Shigela akaswaga mahari bila kuuliza nani ni mada gani. Ng'ombe kumi na wawili wakaenda, Berlin akiwemo. Wiki mbili kabla ya mtihani, Nyanjige akajikuta amebakiwa na hoja mbili tu za Berlin kichwani. Akapanda basi.

Sasa, mtu mwenye akili zake anajua kwamba mahari ikishapokelewa, mama wa bwana harusi haendi peke yake kwenye zizi la wakwe kuwakagua ng'ombe. Huyu alikwenda, wala hakupita kwanza nyumbani kusalimia. Wakwe walimkuta amesimama mbele ya Berlin, amefika baka la nne, ananong'ona Kiingereza. Wao waliona mwanamke anayejutia mahari aliyotoa. Mzee Luhaga akamuuliza anatafuta nini.

"Ninasoma, baba," akasema.

Laiti angedanganya. Alieleza yote, mtihani, cheti, zahanati, na kadiri alivyoeleza ndivyo wazee walivyozidi kutazamana. Mzee Luhaga akamjibu kwa upole kuwa hawezi kumkabidhi binti yake kwa watu wanaomfuata ng'ombe mpaka Mwandoya. Jumamosi ile ng'ombe wote kumi na wawili wakarudishwa, pamoja na ujumbe kwamba Jenifer asingojewe.

Nyanjige alilia siku mbili. Siku ya tatu akarudi zizini, kwa kuwa mada zote zilikuwa nyumbani na mtihani ulikuwa unakaribia.

Alihitaji D. Amepata B. Shigela ndiye aliyemsomea matokeo kwenye simu. Akasema, "Hongera, mayu," kisha akafungua zizi na kuwapeleka ng'ombe malishoni.