Maharage Ndani ya Kofia ya Vita

Krii, krii, krii. Msumeno wa chuma ukipita kwenye chuma cha zamani unalia kama mtu anayesaga meno usingizini. Niliisikia sauti hiyo asubuhi moja kule Lundo, kando ya ziwa, nyuma ya mashine ya kusaga, na mpaka leo fundi akianza kukata nondo jirani na ninapoishi hapa Mbinga mjini, mgongo unanisisimka kabla akili haijajua kwa nini. Wiki iliyopita ilinirudia kwa nguvu. Mdogo wangu alinipigia simu, akavuta pumzi, akasema, "Dada, babu wa kofia ametutoka." Sikuuliza babu yupi. Kule ziwani mababu ni wengi na kofia ni nyingi, lakini babu wa kofia alikuwa mmoja tu.

Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa mkulima wa mpunga, jirani wa pale tulipopanga chumba mimi na mdogo wangu, watoto wa Maguu tulioshuka mlima kutafuta maisha. Mimi nikikaanga maandazi na kuanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, yeye akifanya kibarua chochote kilichojitokeza. Ujanani mzee alikwenda vita vya Kagera, akarudi na kofia ya chuma ya askari wa upande wa pili. Kijiji kizima kilidai kinajua habari yake: aliivua kichwani mwa adui aliyemmaliza kwa mkono wake. Vijana walimpigia saluti njiani. Walikuja hata watu wa mbali wanaonunua vitu vya vita, wakaigeuzageuza, wakasema kofia za namna ile zimebaki chache. Mzee aliwakaribisha uji, akawasindikiza, na kofia ikarudi kona ya jikoni, ambako kuku wa mkewe alikuwa anatagia humo.

Sasa, msomaji wangu, kama hukuzaliwa huku kwetu lazima nikueleze kidogo. Jembe likigonga chuma cha zamani ardhini, sisi hatusemi tumepata chuma. Tunasema tumepata mali ya Mjerumani. Tumekua tukiambiwa kwamba Wajerumani walipokuwa wanakimbia vita walifukia fedha za rupia na zebaki inayosemekana kuuzwa kwa mamilioni, na kwamba siku moja mmoja wetu ataifukua akatutoa sote kwenye dhiki. Watu wamechimba mpaka chini ya misingi ya nyumba zao. Basi mdogo wangu na wenzake, wakichimba mchanga karibu na ufuko, wakaibuka na kitu kizito kama mtoto mchanga, kimeliwa na kutu, ncha moja imechongoka, na karibu na kitako kimezungukwa na pete ya shaba. Wakakibeba mpaka nyuma ya mashine ya kusaga, na habari ikafika mbali upesi. Akaja bwana mmoja na gari lake na kioo cha kukuzia, akainama, akaguna kama daktari. "Pete hii ndiyo kizibo," akasema. "Zebaki imo. Kateni hapa, taratibu, isije ikamwagika." Alipokwisha kusema hayo alivuka barabara, akaenda kusimama nyuma ya gari lake. Jamani, hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtu anayetaka zebaki anasimama mbali nayo hivyo. Mimi mwenyewe, msumeno ukilia mikononi mwa mdogo wangu, nilishajenga kichwani duka la mikate lenye kabati la vioo, na nilikuwa nachagua rangi ya bati.

Mzee akatokea, hakukimbia. Alikuwa ameshika kofia yake, ina nyasi za kuku bado. Akawaambia watu wote warudi nyuma ya ukuta wa mashine, nao wakacheka, lakini walipoona uso wake wakaanza kurudi. Mimi alinishika mkono akanisogeza mwenyewe mpaka pembe ya ukuta, nikawa nachungulia. Kisha akamrudia mdogo wangu, ambaye hakuinua hata kichwa.

"Mjukuu, hata salamu?"

"Shikamoo, babu. Usinicheleweshe, nakaribia kufika."

"Marahaba. Kweli, unakaribia." Akamvalisha ile kofia, akamfunga na mkanda wake kidevuni. Nyuma ya ukuta watu wakaangua kicheko. Mtu akapaza sauti, "Jenerali wa mayai!"

"Haya, kata," mzee akasema, akakaa chini mkabala naye, miguu ameinyoosha, kile chuma kikiwa katikati yao.

"Na wewe, babu? Mbona unakaa hapa?"

"Nakusubiri. Ila kabla hujaendelea, mpigie mama yako. Mwambie kwaheri. Mimi wangu alishatangulia, sina wa kumpigia."

Kicheko kikakatika. Mdogo wangu alitaka kujitutumua, najua alivyo. Akatoa simu, akaiweka sauti ya juu ili tusikie asivyoogopa. Mama alikuwa shambani Maguu. Hakumpa nafasi ya kusema neno. "Mwanangu! Umekula? Mbona kimya siku zote hizi? Huku kahawa zimeiva, mgongo wangu haunisikii, njoo unisaidie kuchuma. Haloo? Umekula lakini?"

Mdogo wangu alikitazama kile chuma. Jasho lilikuwa linachuruzika kutoka chini ya ile kofia mpaka shingoni. Msumeno ulikuwa bado uko ndani ya mfereji alioukata. Aliutoa kama mtu anayechomoa mwiba kwenye jicho. "Nimekula, mama," akasema, na hakuwa amekula chochote. Tulipogeuka kumtafuta yule bwana, tuliona vumbi la gari tu.

Mzee hakuondoka pale. Alikaa na kile chuma mpaka askari waliopigiwa simu na mtendaji wa kijiji walipofika, na hakuruhusu hata mbuzi apite. Askari walikibeba kwa namna ya kubeba mtu mahututi, wakakipeleka mbali, ng'ambo ya matete, wakakilipua. Kishindo chake kilitikisa bati za kijiji kizima, na maji ya ziwa yakasimama kama ukuta halafu yakaanguka. Mdogo wangu alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Kofia bado ilikuwa kichwani.

Alipokwenda kuirudisha niliongozana naye, na ndipo mzee alipotueleza habari yake. Mdogo wangu alimuuliza wazi, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuogopa, kama ni kweli aliua mwenye kofia. Mzee akashangaa. Alisema waliikuta imewekwa juu ya mafiga kwenye ua wa nyumba isiyo na mtu, maharage yanachemka ndani yake. Mwenzake alimzuia asisogee, akasema ni mtego. Mzee akaepua yasiungue, wakamsubiri mwenyewe. Hakuja. Walipoamriwa kuondoka, mzee aliyamimina kwenye jani la mgomba, akayafunika, akachukua kofia. "Nilionja," akatuambia. "Yalishatiwa chumvi. Mtu katia chumvi, halafu kakimbia." Akaipokea kofia, akaiweka magotini. "Yule mwenzangu aliyeogopa maharage, kesho yake aliona kitu kinang'aa kwenye majani. Hicho hakukiogopa, alikiinamia. Mimi nilikuwa nyuma. Nilipiga kelele sana, hazikumfikia."

Siku ya mazishi msemaji mmoja alisimama akasifu jinsi marehemu alivyompokonya adui kofia. Mjane wake, aliyekaa karibu yangu, alijifuta macho na kunong'ona, "Huyu? Kuku nilikuwa nachinja mimi." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nimeiwaza hadithi ile ya msemaji, na sina hasira nayo. Tunapenda vitu vya vita vitupe shujaa, kama tunavyopenda ardhi itupe mali, kwa sababu vijana wetu wanachoka kungoja kahawa ipande bei na mchanga upate mnunuzi. Akija mtu na kioo cha kukuzia akasema utajiri uko hapa, kata, tutakata. Lakini nimejifunza kupima watu kwa mahali wanaposimama. Mmoja alitupa matumaini akasimama nyuma ya gari. Mwingine alijua kelele hazifiki, akaja akakaa. Ukimwona mpendwa wako ameinamia kitu cha hatari, usimwitie ng'ambo ya barabara. Sogea karibu, hata kama hujui utamwambia nini.

Nilipotoka msibani nilikata kupitia majaruba ya mpunga kuwahi gari la Mbinga. Kwenye tuta lililolimwa upya niliona kitu cha duara kimetokeza kwenye tope, cheusi, kina kutu. Huenda ni kipande cha pampu. Sikukigusa. Hapakuwa na mtu. Nilivunja tete refu, nikafungua kitambaa changu chekundu cha kichwani, nikakifunga juu yake na kulichomeka tete hilo hatua kadhaa pembeni. Kisha nikampigia mtendaji, nikakaa juu ya tuta kichwa wazi, nikisikiliza gari langu likipiga honi barabarani na kuondoka.