Ngozi za Mbuzi na Masanduku ya Askari

Mtu wa kwanza kununua mchoro wangu alikuwa akitaka ngozi ya mbuzi. Mchoro uliokuwa juu yake hakuuhitaji. Ili jambo hilo lieleweke inabidi nianze nyuma kidogo, wakati nilipokuwa bado na miguu miwili mizima.

Kwetu ni upande wa magharibi wa Mlima Meru. Nikiwa kijana nilikuwa fundi wa kupaka ngao. Morani waliniletea ngao mpya za ngozi ya nyati, nami nikazipaka udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi. Kila alama ilikuwa na wenyewe: rika hili lilikuwa na mistari yake, ukoo ule ulikuwa na duara lake, na mtu aliyebeba alama isiyo yake angeweza kuuawa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo sikubuni chochote. Nilisifiwa kwa sababu mkono wangu ulirudia bila kukosea.

Kisha Wajerumani wakaja na tukashindwa vitani. Ngao zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa kama faini, na sisi wanaume tukapelekwa kubeba mawe ya kujenga Boma la Arusha. Kiswahili changu nilikiokota kwenye mawe yale. Mguu wangu wa kulia nao niliuacha palepale, maana jiwe liliuangukia, na mifupa ilipoungana iliungana upande. Tangu siku hiyo nimetembea kama mtu anayetaka kukaa chini.

Nilioa hivyo hivyo, na Mungu akatupa mtoto wa kike. Miaka michache baadaye mvua zikagoma. Mbuzi wetu wakafa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekufa aliniachia ngozi. Wanaume wenzangu walikwenda kwenye mashamba ya Wazungu ili wapate kula na kulipa kodi ya nyumba. Nilikwenda nami, msimamizi akatazama mguu wangu, akanionyesha njia niliyojia.

Basi nilikaa mlangoni kutwa, mke wangu yuko kwenye migomba ya watu akipalilia ili apewe ndizi. Niliona aibu. Siku moja nikaiwamba ngozi ya mbuzi kwa vigingi, nikasaga udongo, nikachora ng'ombe wetu wakiteremshwa mlimani siku ile walipochukuliwa. Nilichora migongo yao, na vumbi, na dume letu jeusi likigeuza kichwa kutazama nyuma. Hakuna aliyenifundisha kuchora hivyo wala aliyenituma.

Mke wangu aliporudi aliitazama kwa muda mrefu. Akasema dume lile ndilo hasa. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama udongo ule ungetoka ngozi ikichemshwa, maana njaa ilikuwa imefika mahali pa kuchemsha ngozi.

Nikamwambia tusiichemshe. Nitaiuza.

Nilianza kwa majirani. Waliigeuza huku na huku. Mwenzangu wa rika moja akaniuliza alama ile ni ya ukoo gani, nami nikamjibu kwamba si ya ukoo wowote, ni yangu. Hakunielewa. Nikashuka nayo mjini kwenye duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akinunua ngozi za kupeleka pwani. Alikuwa mtu mpole. Alipapasa upande wa manyoya, akasema ngozi iliyopakwa rangi haina soko, lakini kama nataka kujaribu bahati niitundike pale mlangoni pake.

Ilitundikwa. Watu walijaa. Wengine walibishana kuhusu njia ile ya mlimani, wengine walicheka, na mzee mmoja alimtambua ng'ombe wake kwa baka la ubavuni akaanza kulia kwa sauti, akalia mpaka wateja wakaacha kuingia dukani. Hakuna aliyeuliza bei. Mwenye duka aliniita, akaikunja ngozi yangu taratibu, akanirudishia.

"Watu wanatazama tu," akaniambia. "Wakishatazama wanakwenda zao."

Nikadhani kosa ni kuchora huzuni. Nikazimaliza ngozi zilizobaki kwa vitu vya kupendeza: mlima asubuhi ukiwa na theluji kidogo kileleni, twiga watatu, na ziwa la Momela nililoliona nikiwa mchunga ng'ombe, likiwa limejaa heroe, wale ndege wekundu wenye miguu mirefu. Nilizunguka nazo. Kwenye misheni zilisifiwa, nikapewa chumvi, nikaaga. Sokoni wanawake walinitania kwamba ndege wangu hawaliki. Nilirudi nyumbani na ngozi zilezile, nimekonda kuliko nilivyoondoka.

Mke wangu hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliniambia mtoto ameacha kulia.

"Baba mtoto, nampeleka kwa baba yangu," akasema. "Kule bado wana ng'ombe wawili wa maziwa. Wewe ukipata chakula utatufuata. Usipopata, usije kwanza. Baba atanizuia."

Nilimtazama akishuka na mtoto mgongoni. Kibanda kikawa kimya hivi kwamba nilisikia mchwa kwenye nguzo.

Kesho yake nikazifunga ngozi zote, nikaenda Momela. Nilikuwa nimesikia kwamba Mzungu mmoja amefika kule, anajenga nyumba, na kwamba ni mtu anayependa wanyama. Mtu mwenye miguu mizuri angefika upesi. Mimi nililala njiani, nikapita msituni kwa hofu ya nyati, nikala mizizi niliyoifahamu na mingine ambayo sikuifahamu. Nilipofika nilikuwa nasikia masikio yakilia.

Mzungu alitoka. Mpishi wake, mtu wa pwani, alitafsiri. Nilizitandaza ngozi kwenye majani, na yule bwana akazizunguka akiwa ameweka mikono nyuma. Alisimama kwenye ile ya ziwa. Akainama, akaishika. Nikaanza kutumaini, maana ziwa lenyewe lilikuwa linaonekana pale chini, na heroe wake walikuwa pale pale kama nilivyowachora. Alisema neno, mpishi akaniletea mfuko wa unga na hela kadhaa mkononi. Nilimshukuru Mungu kwa lugha zote mbili nilizozijua.

Mpishi alinihurumia, akanipikia uji, akaniambia nipumzike nyuma ya jiko. Nikiwa nimeshika kata ya uji nilimwona seremala wa pale akitoka na kiti kipya kisicho na kikalio. Akaikata ngozi yangu kwa kisu, mviringo wa kiti. Akaigeuza, manyoya juu, mchoro chini, akaanza kugongelea misumari.

Nilisimama na kumwomba mpishi amuulize bwana kama kuna makosa. Alikwenda, akarudi akiwa hataki kunitazama.

"Anasema alinunua ngozi. Ile rangi ingemchafulia suruali."

Nilimaliza uji. Sikuwa na nguvu ya kuuacha. Mzungu akaja, akajaribu kiti chake, akaridhika.

Nilishuka mpaka kwenye mto wa Maji ya Chai, ambao maji yake ni ya rangi ya hudhurungi, na pale nikakaa kwenye jiwe nikafikiri kama mfanyabiashara. Ngozi tupu ina mnunuzi. Ngozi iliyochorwa haina. Nilikuwa na unga wa kuwatosha mke na mtoto siku chache, kisha nini? Nikachukua mchanga wa mtoni, nikaichovya ngozi yenye mchoro wa ng'ombe wetu, nikaanza kusugua. Udongo mweupe ulitoka kwanza, kisha mwekundu. Dume jeusi liligoma, maana masizi hushika, nami nikalisugua mpaka vidole vikatoka damu, huku nikisikia sauti ya ajabu na sijui kwamba inatoka kwangu.

Wakati huo msafara ulikuwa unavuka mto: askari anayehamishiwa Boma la Arusha, mkewe, na wapagazi. Mke wa askari aliketi kando kuosha miguu. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, wa nchi za mbali za magharibi, kwenye maziwa makubwa, aliyezunguka na mumewe kambi kwa kambi. Akaniuliza nafuta nini. Nikamwambia nafuta ng'ombe. Akadhani nina wazimu, nami ili nimwonyeshe kwamba sina nikamfunulia ngozi ya mlima na ya twiga.

Hakusema kwamba ni nzuri. Alizitazama, kisha akatazama sanduku lake la mbao lililotuliwa chini na mpagazi.

"Hiyo kazi unaweza kuifanya kwenye mbao?"

Nikasema naweza, ingawa sikuwahi. Akanieleza shida yake. Kambini masanduku yote yanafanana, na kila wanapohama lake linabebwa na wengine, na likirudi lina upungufu. Alitaka alama ambayo hakuna mwingine anayo. Nikamuuliza achorewe nini, twiga au mlima. Akatikisa kichwa. Akachora kwa kidole mchangani pembe mbili ndefu, zimepinda kama mwezi.

"Ng'ombe wa kwetu," akasema. "Tangu nitoke sijawaona."

Nilifuatana nao mpaka Arusha, na nikachora nje ya kambi ya askari, sanduku likiwa kivulini. Mara ya kwanza alikataa. Akasema hao ni ng'ombe wenu, wana nundu kubwa na shingo fupi, na kwao ng'ombe hutembea kama mabibi harusi. Nikafuta, nikachora tena, yeye amesimama nyuma yangu akinirekebisha, mpaka ghafla akanyamaza. Nilipogeuka alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Alinilipa vizuri. Lakini mvua ilipogusa sanduku lile rangi yote ilibanduka, akanifuata kwa hasira mpaka sokoni mbele za watu. Nikarudia kazi bure, safari hii nikachanganya udongo na utomvu wa mgunga, na ukashika.

Nilipofika kwa baba mkwe nilikuwa na unga, chumvi, na mbuzi mmoja wa kamba. Mtoto wangu alikuwa ameanza kunenepa mashavu. Hakunijua, akajificha nyuma ya bibi yake. Baba mkwe alipokea mbuzi, akasikiliza habari za sanduku, akasema hiyo si kazi, ni bahati ya mara moja. Ndivyo nilivyohofia mwenyewe.

Mke wangu ndiye aliyejibu, siyo kwa baba yake, kwangu, tulipokuwa wawili.

"Nitarudi, lakini si kule kilimani kwetu. Kule kila mtu anajua mlima ulivyo, atanunua wa nini? Tukae Ngarenaro, karibu na kambi. Na usiwaonyeshe ulichochora. Waulize kwao kukoje."

Tulijenga kibanda cha majani Ngarenaro, kando ya maji. Yeye ndiye aliyetembea nyumba kwa nyumba za askari, mtoto mgongoni, kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wa baba yake kichwani kama sababu ya kuingia. Aliuza maziwa, akaketi, akawauliza wanawake habari za kwao. Jioni aliniletea zile habari: huyu kwao kuna mto mpana kuliko mji, huyu kwao nyumba zina mabaraza, huyu hakumbuki chochote ila mti mmoja mbele ya nyumba ya mama yake. Nilichora mambo ambayo sijayaona hata leo. Walinikatalia mara nyingi, na mara nyingi tulilala na njaa, kwa sababu askari asipolipwa mshahara hanunui picha, na askari akihamishwa huondoka na ahadi yake. Kila mwezi nilikuwa na hakika kwamba ni wa mwisho. Lakini tulikula. Nilikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo Arusha nzima.

Kisha vita vya Wazungu vikaja, na amri ikafika kambini. Asubuhi ile tulisikia tarumbeta, tukatoka. Wapagazi walikuwa wanatoka langoni mmoja nyuma ya mwingine, na vichwani mwao yalikuwa masanduku. Sikuwahi kuiona kazi yangu yote kwa pamoja. Ilikuwa ikitoka hivyo, mto na baraza na ng'ombe na miti, ikiyumba kwa mwendo wa watu waliolemewa, na sikuweza kumzuia hata mmoja nitazame vizuri. Yule mwanamke wa kwanza alipita akiwa na khanga mpya. Alimpungia mke wangu mkono, hakusimama. Sikumwona tena, wala sanduku lolote kati ya yale.

Vumbi lilipotua kambi ilikuwa wazi, milango inapigapiga kwa upepo. Mke wangu alimteremsha mtoto chini, ambaye sasa alikuwa mzito wa kubebwa, akaniuliza tutakula nini. Nikamwambia sijui. Akachukua kikapu, tukashuka mtoni kutafuta majani ya mnavu ya kupika.