Mlango Kwenye Kichuguu

Mume wangu Placide aliendesha gari kila jioni akiwa amefumba macho, ameketi kwenye kiti cha mbao nyuma ya nyumba yetu ya Kikula, hapa Likasi. Sitanii. Alirudi kutoka kazini, akanawa, akala, kisha akavuta kiti mpaka kwenye mpapai, akakanyaga chini sawasawa kama kwenye pedali, akashika usukani usiokuwapo. "Natoka," alisema. Na mimi niliyekuwa naosha sahani nilijua kwamba yeye hayupo tena pale.

Majirani walimwita Ndoto. Miaka ya kwanza nilikasirika sana, maana nilitaka mume wa kuzungumza naye, nikapewa mume wa kusafiri bila mimi. Mwisho nilichoka kukasirika. Nikaleta kigoda changu, nikakaa kuumeni kwake, nikafumba macho na mimi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima, moshi wa makaa umetanda uani, na sisi wawili tunateleza taratibu kuelekea Kapolowe, tukipita misitu na mashamba ya mahindi, bila petroli na bila kelele. Nikisema ukweli, nilikuja kuzipenda safari zile kuliko safari za kweli.

Alijifunza hayo kwa mzee Lambert, aliyewafundisha madereva wa kampuni ya migodi. Kwenye kadi ya kazi Placide aliandikwa Citoyen Kisimba, yaani Raia Kisimba, kwa kuwa miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa, lakini mzee Lambert hakujali, aliwaita wote "watoto wangu". Aliwaambia kwamba dereva hapaswi kusumbuka nani ana haki ya kupita; asumbuke atatokea wapi mbele kukiziba. Kila kona iwe na mlango wake, na mlango huo ujulikane kabla haujahitajika. Wenzake walisikiliza, wakaenda kunywa bia. Mume wangu akaenda kutafuta milango, na kila jioni aliipitia mmoja mmoja asije akaisahau.

"Hapa mufereji iko murefu, hatuwezi," alininong'oneza macho yakiwa yamefumbwa. "Hapa mahindi tu, tunaingia. Sasa tunarudia... ile kichuguu kubwa, unaiona? Pembeni yake, fasi benye makala banapanga mifuko. Hakuna mufereji, hakuna jiwe. Ile njo mulango muzuri."

Niliiona ile fasi, mahali ambapo wachoma makaa hupanga mifuko yao. Vichuguu vya kwetu vinashinda nyumba kwa urefu, na kile kilikuwa na mti mzima umeota kichwani.

Sasa nimseme mama yangu, Émilienne wa Kapolowe. Baba yangu Barnabé alikufa akiwa juu ya mifuko ya unga kwenye lori, katika daraja dogo karibu na Kapolowe. Dereva alikuwa anakimbia, lori likapinduka. Tangu siku ile mama hakutaka hata kusikia jina la kazi hiyo. Placide alipokuja kunioa, wajomba zangu walipokea mahari, wakacheka, wakakubali. Mama alikubali kwa mdomo. Kuku hakumtoa.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawasemezani, hawagusani, hawakai pamoja, mpaka siku mama mkwe atakapomwandalia mkwe wake kuku na bukari, ugali wetu. Hapo aibu inaondoka, mtu anakuwa mwana wa nyumba. Wengine hupewa kuku huyo baada ya mwaka mmoja. Placide wangu alingoja tisa. Tukienda Kapolowe alijificha nyuma ya ghala kama mwizi. Hakulalamika hata siku moja, lakini mimi nilimwona alivyokuwa anasikiliza harufu za jikoni, na moyo wangu ulimuumia.

Mwaka wa themanini na moja ikaja habari kwamba miguu ya mama imevimba na pumzi inamkatikia. Placide aliomba kamionete, gari dogo la mizigo, kwa mkuu wake wa kazi, tumlete hospitalini Likasi. Ilikuwa Peugeot yenye mikanda miwili ya usalama, mmoja kila upande, na wa tatu, wa katikati, aliushonesha mwenyewe kwa fundi wa turubai sokoni Kikula, akaufunga kwa skrubu. Watu walimcheka. Abiria wengi waliona kufunga mkanda ni kumtukana dereva, ni kumwambia usoni kuwa atakuua.

Kule Kapolowe nilimkalisha mama upande wa mlango, nikakaa katikati niwe ukuta wao. Nikataka kutundika kitenge kati yao kwa heshima. Placide akakataa, akitazama paja lake.

"Élise, ile kitambaa itanifunga kioo ya kuume. Minye niko lazima kuona nyuma."

Na kioo cha kuume kilikuwa pale pale, nje ya uso wa mama! Kila mara akitaka kuona nyuma ingembidi amtazame mama mkwe wake. Nilitaka kulia na kucheka. Mama ndiye aliyepata njia: alijifunika kitenge kutoka kichwani mpaka magotini, akawa kama mzigo. Sasa aliweza kutazamwa.

Lakini Placide hakuwasha gari.

"Mwambie mama afunge mukanda," alisema Placide.

"Mwambie bwana yako, minye hapana mbuzi ya soko," ilijibu sauti kutoka ndani ya kitenge. "Hakuna muntu atanifunga kamba."

Placide akatoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi. Hakugombana. Alifumba macho tu, mikono juu ya usukani, na jua likatupika wote watatu. Nilimchukia! Mama anahema, hospitali iko mbali, naye amekaa kimya. Nikamwita mkaidi, nikamwita jiwe. Hakufumbua macho. Mwisho mkono wa mama ukatoka chini ya kitenge, ukapapasa hewani, ukasema bila maneno: haya, leta hiyo kamba yenu. Nikaifunga mimi.

Tukaondoka. Kwenye daraja dogo alipunguza mwendo tangu mbali, kule kule kwenye mteremko, hata nikaona aibu kwamba baiskeli ingetupita.

"Tumefika?" aliuliza mama.

"Hapana mama. Ni daraja."

Kitenge kilipanda na kushuka juu ya kifua chake, nami nikamshika mkono. Kisha ule usingizi wa njia ukatuchukua. Msitu ulipita ukiwa na rangi ya jioni za nyuma ya nyumba yetu, na sikujua tena kama tuko barabarani au kwenye viti vyetu chini ya mpapai. Kila mti nilikuwa naujua.

Mbele yetu alikwenda mtu mwenye baiskeli iliyobeba mifuko ya makaa. Ghafla akaruka chini, akaisukuma baiskeli majanini, macho yake kwenye kona. Hakukuwa na kitu pale. Placide akaondoa mguu kwenye mafuta.

"Kichuguu," alisema, kwa sauti ile ile ya jioni.

Hapo yakatokea malori mawili, sambamba, moja linapita lingine kwenye kona, na lile la kupita liko upande wetu, limeijaza barabara. Sikupata nafasi hata ya kuita jina la Maria. Placide hakupiga kelele wala hakukanyaga breki. Alikata kuume kidogo tu, kama mtu anayeingia kwake, tukaruka ukingo, mkanda ukanibana tumbo, tukapita vumbi na mifuko, tukasimama. Lori lilipita likipiga honi ndefu. Kichuguu kilikuwa hapo, na mti wake kichwani, karibu ningekigusa.

Vumbi lilitulia polepole. Mama alikuwa amekwenda mbele na kurudi, mkanda umemshika kifuani. Alishusha kitenge kidogo, jicho moja tu.

"Ulimwambia aingie huku?"

"Hapana, mama."

"Na aliona wapi hii fasi?"

"Anapitaka hapa kila mangaribi. Mu kiti. Macho ya kufunga."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu, akajifunika tena. Placide alikuwa ameshuka, anamsaidia mwenye makaa kusimamisha mifuko.

Hospitalini walimpa mama dawa, na baada ya wiki akaja kukaa kwetu. Placide akaanza kuingia kwa mlango wa jikoni ili asikutane naye. Jioni aliketi kwenye kiti chake, na mimi kwenye kigoda, na mama ndani, nyuma ya dirisha lililo wazi. Jioni ya kwanza alikohoa. Ya pili akasogeza mkeka karibu. Ya tatu sikumsikia kabisa, na nilipogeuka nikaona kichwa chake kimeegemea ukuta, macho yamefumbwa.

Tulikwenda polepole. Tulipita kichuguu, tukapita mashamba, tukaanza mteremko.

"Élise," ilisema sauti dirishani. "Muulize bwana yako. Pale ku daraja, mulango iko wapi?"

Miguu ya Placide ilisimama chini. Nikaogopa atadanganya ili kumfurahisha.

"Mwambie mama, pale hakuna," alinijibu. "Nilitafuta sana. Hakuna mulango. Njo maana pale nakwenda polepole tangu mbali."

Nilisikia mama anapenga pua kwenye kitenge, mara moja, mara mbili. Nilimlilia baba yangu pale pale kwenye kigoda, macho yamefumbwa, barabara iko mbele yangu.

"Élise."

"Mama."

"Kesho asubui unipeleke ku soko. Nitachagua kuku mwenyewe."