Babu Kasele na Swali la Ubatizo

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: ukisimamishwa mbele ya watu ukaulizwa Mungu alikuumba kwa kazi gani, utajibu nini? Usicheke. Swali hilo lilimweka babu yangu mzaa mama, Mzee Kasele, nje ya ubatizo miaka na miaka, na mwalimu wake nilikuwa mimi, Kalunde, kitoto cha kung'oka meno. Nikikumbuka msimu ule nasikia harufu ya nta. Kule Ipole, wakati wa Mwingereza, kila nyumba yenye mizinga ya nyuki msituni ilichemsha masega uani na kuyakamua kwa gunia, na ile harufu tamu yenye moshi inakuingia kwenye nywele, kwenye nguo, mpaka kwenye ugali. Darasa letu lilikuwa hapo hapo penye chungu. Mimi nakoroga, babu anashona mzinga wa gome, swali linazunguka.

"Nani alikuumba?"

"Mungu."

"Kwa kazi gani?"

"Nibebe mizigo."

"Babu! Si hivyo! Sema: nimtumikie yeye siku zote."

"Mke wangu," ananiambia, maana babu zetu ndivyo wanavyotutania, "mimi Mungu siwezi kumdanganya. Njiani alikuwepo, aliniona."

Na kweli alikuwa mpagazi. Ujana wake aliumalizia kwenye ile njia ya zamani ya misafara, Tabora mpaka pwani, pembe ya ndovu begani, halafu vita ya Wajerumani ikamkuta, akabebeshwa masanduku ya risasi. Bega lake la kulia lilikuwa na nundu ngumu kama goti la mbuzi. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ukiligusa lile bega unajua haikuwa usufi. Na ubishi wake ulikuwa mgumu kuliko nundu. Watu wa kanisani wakawa wanamwimba: Kasele kashindwa tena, Kasele kichwa gome!

Sasa sikiliza, ubatizo alikuwa anautaka, tena sana. Bibi yangu alikuwa Mkristo, amelala makaburini nyuma ya kanisa. Asiyebatizwa hazikwi pale, anazikwa kwake. Na kwetu Pasaka ilianzia makaburini, jua bado halijachomoza, matarumbeta yanalia, watu wamekwisha palilia makaburi ya watu wao na kuyapamba maua. Babu alikuwa anasimama nje ya ua wa minyaa, kofia mkononi. "Mke wangu mkubwa yuko ndani," ananinong'oneza, "mimi nje kama mbuzi." Masika yale kikohozi kilimshika vibaya, usiku kucha anakohoa. Nikaona huyu akifa hivi hivi, watalala mbalimbali mpaka mwisho wa dunia. Nikaapa moyoni: Pasaka hii anaingia. Nikamsomesha shambani, kisimani, hata akiwa anatafuna. Mwisho akachoka, akasema haya, nitajibu ya kwako.

Siku ya kuulizwa kanisa likajaa. Wazee wamekaa mbele, katikati Mwalimu Yakobo, mtu mwema lakini amenyooka kama mchi, hapindi. Sisi watoto tuko nyuma kwenye mkeka. Babu akaitwa.

"Mzee Kasele, nani alikuumba?"

"Mungu."

"Kwa kazi gani?"

Namwona midomo inacheza, anayatafuta maneno yangu, hayapo. Uvumilivu ukanishinda, nikapiga kelele kule nyuma: "Nimtumikie yeye!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Eliza, jirani yetu, akasema, "Kumbe anayebatizwa ni Kalunde!" Mwalimu Yakobo akagonga meza. "Mtoto, toka nje!" Nikasimama, machozi yananitiririka, nimemharibia babu yangu. Nafika mlangoni, nikasikia fimbo nyuma yangu: ko, ko, ko.

"Mzee, wewe kaa, hatujamaliza."

"Akitoka huyu, natoka."

"Unatoka kwa ajili ya mtoto?"

Babu akageuka. "Mwalimu, mama yake alifia Usoke, huyu bado ananyonya. Nilikwenda nikamweka kwenye bega hili, nikamleta hapa kwa miguu. Mizigo yote niliyobeba ilikuwa ya watu, ya Mwarabu, ya Mjerumani. Huu peke yake alinitwika Mungu. Kama kuubeba huu si kumtumikia, basi mimi kazi nyingine siijui. Na jibu jingine sitoi, hata nikizikwa porini."

Mama Eliza, yule yule wa dhihaka, akapiga kigelegele, mle mle kanisani! Mwalimu Yakobo akawatazama wazee, wazee wakatazama miguu yao. Akasema taratibu, "Mtoto, rudi ukae. Mzee naye akae." Kisha akakohoa. "Swali la pili."

Akabatizwa. Jina akachagua mwenyewe, Simoni, yule aliyekamatwa njiani akabebeshwa msalaba. "Huyo mpagazi mwenzangu," akasema. Alfajiri ya Pasaka aliingia ndani ya ua wa minyaa, akachuchumaa penye kaburi la bibi, akaongea naye Kinyamwezi mpaka matarumbeta yakanyamaza. Na alipokufa, walimlaza pale pale, ubavuni kwake.

Leo nakaa Cheyo, mjini Tabora. Njia ya pwani aliyoitembea babu kwa siku nyingi, watoto wanaipita kwenye basi wamelala. Majibu yote wanayo kwenye simu. Lakini swali ni lile lile, na simu haijui Mungu alimuumba nani kwa kazi gani. Juzi mjukuu wangu Neema karudi nyumbani amevimba kwa hasira, kaacha darasa la kipaimara. Kauliza mbona yeye kaumbwa mbishi, mwalimu akaona utundu, akamtoa nje. "Siendi tena, bibi!" Nikamkalisha jikoni, nikamsimulia haya yote huku tunachambua mchicha. Mchicha ukaisha. Halafu akaniahidi, kidole juu: "Bibi, Jumapili narudi kuuliza tena. Na wakinitoa, Jumapili ile nyingine watanikuta nimekaa mbele."