Neno "Fast" na Shingo ya Tantine Ngoie

Siku ile tuliyovuka mpaka wa Mokambo na Tantine Ngoie naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza sekondari hapa Lubumbashi, na katika mtaa wetu wa Makomeno nilijiona sina mwenzangu kwa Kiingereza. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa. Kiingereza nilikiokota kwenye redio ya Zambia, na kwenye kamusi ndogo ambayo baba yangu, fundi wa reli, alininunulia. Nilikariri neno na maana yake ya kwanza, kisha nikafunua ukurasa. Maana ya pili na ya tatu, zile zilizochapwa kwa herufi ndogo, sikuzisumbukia.

Tantine Ngoie alikuwa dada mkubwa wa baba. Parokia nzima ilimjua kwa sauti yake katika kwaya. Lakini shingo yake ilikuwa imeota rovu, uvimbe uliokua mwaka hadi mwaka mpaka ukaanza kumbana koo. Aliacha kuimba. Baadaye hata kulala chali kulimshinda. Tukasikia kwamba ng'ambo, Zambia, kuna hospitali yenye daktari anayepasua uvimbe wa namna hiyo. Tantine alijua Kiluba na Kiswahili tu, basi familia ikasema niende naye niwe mdomo wake. Nilifurahi, mwanangu. Nilipiga pasi gauni langu mara mbili.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alimpima Tantine, akaniambia taratibu, neno kwa neno, kwamba operesheni ni kesho asubuhi, na kwamba "she must fast". Hilo neno nililijua. Fast ni mbio, ni haraka.

"Muganga anasema je?" Tantine akaniuliza.

"Anasema kesho tufanye mbio."

Moyoni nilihisi kitu hakijakaa sawa. Mtu anayezungumza polepole vile, kwa nini amwambie mama mgonjwa akimbie? Ningeweza kumuuliza. Alikuwa bado amesimama pale pale, kalamu mkononi. Lakini niliona haya. Nilifikiri nikiuliza atajua kwamba Kiingereza changu ni kidogo, na Tantine naye atajua. Nikatabasamu, nikasema "Yes, doctor."

Asubuhi, katika chumba tulichopanga karibu na hospitali, Tantine alisonga bukari, ugali wetu, akala na samaki, ashibe apate nguvu ya kisu. Alikula upesi kwa sababu mimi nilisimama mlangoni nikimhimiza. Tukafika hospitali kabla ya wagonjwa wote. Wakamvika shuka, wakamlaza juu ya kitanda cha magurudumu. Kijana wa dawa ya usingizi akaja na karatasi yake, akaniuliza, "Did she fast?"

"Yes," nikajibu, kichwa juu. "Very fast."

Yule kijana akaweka alama kwenye karatasi, akaanza kusukuma kitanda.

Hapo ndipo nilipomjua Ba Mutale; Ba kule ni neno la heshima. Alikuwa mama muuguzi, mtu mzima, mnene kidogo, na wakati huo alikuwa akikunja mashuka pembeni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini alisikia lile "very" langu, akaacha mashuka, akaja kushika kitanda kwa mkono mmoja. Mama yake alikuwa mtu wa upande wetu, kwa hiyo Kiswahili chetu alikijua. Hakuniangalia mimi. Aliinama kwa Tantine.

"Mama, asubui hii ulikula kintu?"

"Nilikula bukari na samaki, mwanangu," Tantine akasema. "Huyu mutoto aliniambia tufanye mbio, njo nikakula mbio."

Ba Mutale akamweleza kijana kwa sauti ya chini. Kitanda kikarudishwa wodini. Baadaye akanieleza nilichokuwa karibu kufanya: mtu aliyeshiba akilazwa kwa dawa ya usingizi, chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Fast, alisema, pia ni kufunga, kukaa bila kula. Nikakaa sakafuni.

Nilimsimulia yote ya jana, nikangoja anitukane. Ningestahili. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Kukosa kujua haiko makosa," akasema. "Lakini jana, ile neno ilipokataa kuingia muzuri, juu ya nini haukuuliza?"

"Nilikuwa na haya, Mama."

"Haya yako ilikuwa inaenda kumuzika tantine yako." Akaelekeza kidole kwenye kitanda cha Tantine. "Utamuambia weye mwenyewe. Na muganga pia, kwa Kiingereza ile ile."

Nilimwambia Tantine huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika shingo yake, akasema, "Basi leo sitakula tena. Kesho tutajaribu." Daktari hakufurahi, nami sikumlaumu. Lakini alinishukuru kwa kusema kweli.

Jioni, zamu yake ilipokwisha, Ba Mutale hakwenda nyumbani mara moja. Alinichukua nikatembea naye kati ya vitanda. Akanionyesha bandeji aliyoifunga: fundo hili ni fast, alisema, halilegei. Yule mzee wa dirishani ni fast asleep, amezama usingizini. Kitenge changu, kama ni fast, hakichuji rangi kikifuliwa. Daktari anatembea fast. Na Tantine leo ana-fast. Neno ni lile lile, kazi tano. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia: kila usikiapo neno kama hilo, litafutie jirani, neno lingine la maana ile, uliweke mahali pake usikie kama sentensi inasimama. Fundo huliwezi kuliita "quick". Fundo ni "firm". Mgonjwa anayengoja kisu haambiwi awe "rapid". Na ukikosa jirani, muulize aliyesema.

Nimejua watu wengi wenye vyeti, mwanangu. Sijaona mwenye masikio kama yale. Mwanamke anayekunja mashuka, kazi yake imemtosha, akasikia neno dogo lisilo mahali pake, akaona linamhusu.

Kesho yake Tantine alipasuliwa akiwa na njaa, akaamka salama. Sauti ilichukua miezi kurudi, tena ilirudi nzito kuliko zamani, lakini kwaya ilimpokea. Mimi nikawa mkalimani, miaka mingi, kwa wafanyabiashara wa Kipushi na kwa wagonjwa wengine waliovuka. Mara nyingi wateja walikasirika kwa sababu nilimkatiza mzungumzaji nikauliza, "Unasema kwa maana gani?" Niliwaacha wakasirike.

Leo nyinyi mnajifunza Kiingereza kwenye simu, na mnakijua kuliko tulivyokijua sisi. Nawapenda kwa hilo. Ninachokuomba ni hiki: usikubali maana ya kwanza kwa sababu tu ndiyo uliyoizoea. Pale moyo unapokuambia sentensi haijakaa, simama, uliza, hata mbele ya watu, hata sauti ikitetemeka. Aibu ya kuuliza huisha kabla hujafika nyumbani. Na ukikosea, sema mapema, kwa mdomo wako, kwa yule uliyemkosea.

Mungu akupe masikio yanayosikia, na ulimi usioogopa kusema "sijui". Akuweke karibu na watu wa kukurekebisha bila kukuvunja, nawe siku moja uwe mtu wa namna hiyo kwa mwingine. Nenda na baraka zangu, mwanangu.